Ile Kiu Uliyoniambia

Nyumbani, chumba cha nyuma ya cherehani,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Hujambo baba? Unalala? Unakula? Sisi hatujambo. Kikohozi changu kimeniacha, na dada yako sasa tumbo linamtangulia mlangoni.

Naandika polepole, mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Bati bado linadondosha matone, naona kama nyumba nzima inaelea.

Baba yako bado anashona, ila ile sukari imeanza kumchukulia miguu. Juzi nilikuta damu kwenye pedeli ya cherehani. Pini imezama kwenye unyayo, naye anakanyaga tu, anaimba! Nikapiga kelele. Akaniangalia kama mtu anayerudi kutoka mbali: "Mama watoto, mbona mimi nilikuwa nakanyaga mawingu?"

Kidonda kinasafishwa, kinaanza kufunga.

Ujanja lakini hajauacha. Kliniki ikikaribia anaacha chai ya sukari ili mashine imsifu. Safari hii muuguzi akamtoa damu ya kipimo kingine, kinachokumbuka miezi ya nyuma. Akamwambia, "Fundi, umenishonea shati la mbele tu, mgongo uko wazi!" Benchi zima likacheka, naye akacheka.

Benchi hilo zamani lilikuwa la wazee, mwanangu. Sasa kuna mwashi kijana, kuna binti wa saluni. Muuguzi anasema nchi nzima ndivyo ilivyo. Wakawa wanasimulia ugonjwa ulivyowaanza: kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kukonda huku wanakula. Sauti zao zikawa zinafifia, nikaisikia yako. Si uliniambia kwenye simu kwamba maji hayakutoshi na suruali zinakuvuka? Ukasingizia joto la tanuri la mikate. Baba yako akadakia, "Zilete nizipunguze kiuno!" Tukacheka wote.

Tangu siku ile ya kliniki nakuota umesimama bombani, unakunywa, na maji yanapita ndani yako kama umetobolewa.

Nenda kapime, baba. Ukiisoma barua hii, nenda kesho yake, kabla hujaingia kazini, wala usilete ujanja. Majibu yakiwa mabaya, nipigie mimi kwanza. Baba yako hajui ninachowaza, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Niachie mimi nitafute namna ya kumwambia.

Shangazi yako na dada yako wanakusalimu sana. Mungu akutangulie mpaka mlango wa hospitali, akushike mkono ukitoka.

Wako akupendaye, asiyetulia mpaka simu ilie,
Mama