Moshi Ndani ya Sanduku la Mimea

Jumatatu, 8 Juni 1998
Nimekagua sanduku la bati la bayolojia kama kawaida. Kila mmea mkavu umeshonwa kwenye karatasi ngumu, umefunikwa gazeti. Unabeba kwa mikono miwili. Huupindui. Lakini leo mpangilio si wangu. Ua nililochuma shambani kwa bibi lilikuwa juu, nami huliweka chini kabisa. Shamba lenyewe lilikwenda na mafuriko. Ua ndilo lililobaki. Funguo ziko kwangu na kwa Halima wa darasa letu. Basi ni nani?

Jumanne, 9 Juni
Sanduku linanuka moshi. Kuna mtu anataka kuniunguzia. Kwao Halima ni wafugaji, kwetu wakulima. Baba husema ng'ombe wao hawajui mpaka wa shamba. Halima akicheka, naona ananicheka mimi.

Alhamisi, 11 Juni
Halima katoka stoo, lilimo sanduku, na jivu kwenye sketi.
"Wewe mlinzi wa majani, huli leo?"
Nikatazama chini. Na wivu ninao, niseme ukweli. Yeye huongea na walimu bila kutetemeka.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemsemea kwa Madam wa bayolojia. Kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ingekuwa kama kusengenya. Halima kanyang'anywa ufunguo mbele ya darasa. Hakujitetea.

Jumatano, 24 Juni
Moshi haunuki tena. Nilifurahi mpaka nilipofunua gazeti. Unga. Fukusi wametoboa ua langu. Vipande nimevitia kwenye bahasha ndogo, kama tulivyofunzwa, hakitupwi kitu. Nimelia.

Alhamisi, 25 Juni
Nimemfuata Halima bombani. Sikujua nianzeje.
"Fukusi, sio?" akasema.
Akanieleza kuwa kwao kibuyu hufukizwa kikiwa kitupu, ndipo maziwa hutiwa. Alikuwa anatoa mimea yote, anafukiza sanduku tupu ili fukusi wakimbie, moshi ukitoka anairudisha.
"Mbona hukuniambia?"
"Uliniuliza? Ulikimbilia Kizungu."
Aibu imenishika mpaka sasa.

Jumamosi, 27 Juni
Nimemweleza Madam yote. Kwa Kiswahili. Halima karudishiwa ufunguo. Wangu Madam amebaki nao. Sawa tu.
Jioni Halima alifukiza sanduku, mimi nikashika karatasi, mikono miwili. Moshi ulipoisha alinyoosha mkono, akachukua bahasha ya ua langu kwanza, akailaza chini kabisa.
Sikuwa nimemwambia mahali pake.