Matuta Chini ya Ukingo

Ijumaa, 3 Februari 2012
Theluji! Hapa Evere, huku ugenini, watu wanailaani, basi la asubuhi halikuja. Kwetu tunaosoma ardhi, theluji nyembamba huonyesha kila kinundu. Kesho naenda msituni kuupiga picha ukingo wetu wa udongo, boma la kale tunalolichunguza. Tarehe 13 jopo la watahini linakuja kuukagua. Wakikubali kwamba ni kambi ya askari wa Kirumi, tasnifu yangu imepita. Wakikataa, kibali changu cha kukaa kinakwisha Machi – narudi Njombe mikono mitupu.

Profesa Andrée, msimamizi wangu, hana wasiwasi. Kambi hii ndiyo iliyompa jina: pembe za mviringo, handaki kwa nje, lango kila upande. Nani mwingine angejenga hivyo?

Jumamosi, 4 Februari
Sijala tangu asubuhi.

Jua lilikuwa chini, vivuli virefu. Nikaona mistari sambamba, inaingia chini ya ukingo na kutokea upande wa pili. Matuta ya kulimia! Mtoto wa Njombe siwezi kukosea matuta. Na mapana namna hii ni ya wakulima waliokuja karne nyingi baada ya Warumi. Aliyejenga ukingo alikuta shamba. Basi si Mrumi.

Zamani palikuwa na vichaka, vimefyekwa mwaka jana tu. Lakini tangu hapo Andrée amefika mara ngapi! Amewezaje kutoyaona?

Jumanne, 7 Februari
Nimejua.

Nilimpelekea picha ofisini. Kompyuta yangu huwaka kwa kusuasua. Kioo chake kilikuwa bado cheusi, akainama, akasema pembe imetoka vizuri sana. Nikamwambia bado haijawaka. Kisha akaniomba nifunge mlango.

Macho yake yamekwisha. Madaktari wa hospitali kule Woluwe wameshindwa. Idarani hakuna anayejua, na ameniomba nisiseme mpaka jopo lipite.

Matuta sikuyataja. Nilikataliwa na maprofesa wawili kabla yake. Yeye alinisikiliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, alikofundisha Kilatini ujanani, akanichukua. Nitamwambiaje?

Ijumaa, 10 Februari
Theluji bado. Nimeomba iyeyuke. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 13 Februari
Naandika garini, pembeni mwa msitu. Theluji haijayeyuka. Jua kali, kila tuta linaonekana, lakini jopo bado wako nyuma ya gari wanavaa mabuti. Bart, mwenyekiti wao, anatania kuhusu baridi. Andrée yuko kando yangu, ameshika mkono wangu wa kushoto. Wanadhani ni mapenzi ya mwalimu kwa mwanafunzi. Ni mapenzi pia.

Nilimwambia kwamba kuna kitu nimekiona chini ya ukingo. Basi. Kwamba ni matuta, sikusema.

Sasa ananiuliza polepole, kwa Kiswahili, wale wasielewe:

"Bon, mutoto yangu. Mi sioni tena, donc utaniambia weye. Kuko nini pale?"

Nimemwambia asubiri nifunge viatu. Viatu nilishavifunga. Anasikia kalamu.

Bart anagonga kioo –