Kuku Yuko Chini ya Karai

Baba Emmy,

Ugali uko kwa sufuria, sukuma ni ya kupasha tu. Emmy aoge, asikudanganye ati ameshaoga.

Asubuhi nilitoka bila kukujibu kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Ploti yetu ya kupanga inabomolewa, najua, na hapa Matisi nyumba tumekosa. Lakini uliposema "twende Bungoma tukaishi na watu wetu", nilimwona Zulekha, mke wa Yakub, hapo nje akianika nguo za Emmy pamoja na zake. Nikashindwa kujua watu wetu ni akina nani.

Ile nyumba ya Bungoma ni nzuri, sikatai. Nilimuuliza mwenye nyumba, siku ya sherehe nani huwachinjia kuku ndio hata majirani Waislamu wapate kula? Akacheka. "Mama, hapa tuko sisi kwa sisi."

~~Mpigie umwambie tunakuja.~~ Usimpigie bado.

Kuku wa Krismasi yuko chini ya karai. Usimchinje! Mpelekee Yakub, kama kila mwaka, ndio ploti nzima ipate kula. Na akikuuliza tunahamia wapi ndio watufuate, mjibu wewe. Mimi imenishinda.

Mama Emmy