Kisiki cha kina Brancavolpe

Jumatatu, 9 Septemba
Halmashauri imekubali! Jumapili kibao cha marumaru kinabandikwa kwenye mnara wa ukoo wetu, na maneno nayatunga mimi, Clelia Brancavolpe. Nani mwingine? Miaka arobaini nimewafundisha historia watoto wa mji huu, hata meya kapita mikononi mwangu. Sasa itajulikana: mnara wetu uliangushwa na tetemeko. Mji mzima unasema ulikatwa — eti mababu zetu waliwafungulia maadui lango, na msaliti alipunguziwa mnara mpaka ubaki kisiki. Uzushi wa kina Terenzoni, mahasimu wetu! Wa kwao bado mrefu, na bendera juu.

Jumanne, 10 Septemba
Mkahawani, Fulgenzio Terenzoni, yule mfamasia, akaniuliza kama kisiki changu kimeanza kuchipua. Watu wakacheka. Nikamwambia anywe, kahawa inapoa. Nimerudi nyumbani sina hamu hata ya maharage.

Alhamisi, 12 Septemba
Elpidio, fundi mawe, alipanda kung'oa majani juu ya mnara. Nilimfundisha, mpaka leo ananiita Mwalimu. Alishuka, akanawa mikono mara mbili, akaniomba nikaone mwenyewe. Ngazi sitini na nne, kwa magoti haya! Chini ya majani, mawe yamelala sawasawa. Alama za patasi, kona hadi kona.

"Tetemeko haliachi ukingo wa namna hii, Mwalimu. Hii ni kazi ya mafundi, na hawakuwa na haraka."

Hakuna mwingine aliyeona. Akasema anaweza kuziba alama hizo kwa chokaa, nusu saa tu, ikabaki siri yetu. Nikajibu nitafikiri. Uongo. Moyoni nilishakubali.

Ijumaa, 13 Septemba
Aibu. Si ya mababu, ni yangu mwenyewe. Elpidio huyuhuyu nilimpa sifuri mwaka 1982 kwa kubuni tarehe! Nimemwambia asizibe kitu. Tulikatwa, basi.

Halafu nikapanda tena, peke yangu, nikae na huzuni yangu. Nikainua macho. Mnara wa kina Terenzoni uko mbele yangu: chini mawe ya kijivu, kama mji wote. Juu, mawe ya manjano. Kama yetu! Mji huu jengo la mawe ya manjano ni moja tu, nalo ni mnara wetu. Siku zote tumeutazama kutoka chini, jua machoni, hatukuuliza mawe yetu yaliyokatwa yalikwenda wapi.

Nimeshuka bila kuhisi magoti.

Jumamosi, 14 Septemba
Naandika dirishani. Elpidio anachonga kibao uwanjani. Jina letu tayari, mwaka tayari, kaacha nafasi ya neno moja. Fulgenzio kaleta kiti, kakaa mbele ya marumaru, mguu juu ya mguu. Watu wanazidi kujaa.

Elpidio ameniita: ulianguka au ulikatwa?

"Ulikatwa," nimesema, kwa sauti yangu ya darasani.

Fulgenzio amepiga makofi. Amesema hatimaye kina Brancavolpe wamejua kusoma. Patasi inagonga, herufi baada ya herufi. Elpidio sasa anafuta vumbi, anakusanya vyombo.

Nimemwambia aache, kuna mstari wa pili. Anauliza unasemaje. Nainua macho kwenye mnara wa kina Terenzoni, kule juu penye mawe ya manjano. Elpidio ameangalia ninakoangalia. Sasa mwuza mkate naye, na meya. Fulgenzio peke yake bado ananitazama mimi, na mikono yake imeacha kupiga makofi.