Majani ya Matanga ya Bibi Felicitas

Kiruruma, Karagwe.
9 Septemba 2025.

Mpendwa Salvina, binti wa kaka yangu,

Marahaba, mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Hujambo huko Uingereza? Baridi imeshaanza, au bado? Unakula kweli? Picha uliyotuma nimeitazama sana, shingo imekuwa nyembamba, nami sijaipenda. Sisi huku wazima. Goti langu linanisumbua kwenye mteremko tu, na migomba imestahimili kiangazi.

Ile riwaya unayoiandika ilifika siku nyingi. Nimewasomea kina mama wa kikundi chetu, sura moja kila Jumatano baada ya palizi. Kumbe Waingereza nao walikuwa watu wa jembe wenye njaa! Miaka karibu mia mbili iliyopita, matajiri wakazungushia ua malisho ya kijiji, wao wakavunja mashine za kupuria ngano huku wakiimba. Yule mwanamke wako anayeanzisha wimbo langoni kwa tajiri tulimpenda mno. Sperancia, mmoja wa kikundi, alisema huyo ni Mnyambo kama sisi, amepotea njia tu.

Lakini mwisho wake umeniudhi, nakuambia wazi. Mumewe anahukumiwa kwa kuvunja mashine, anapakiwa melini kupelekwa kifungoni Australia, naye ananyamaza hadi ukurasa wa mwisho. Kwa nini umemnyamazisha? Ngoja nikueleze yaliyotupata, ndipo ushike tena kalamu yako.

Unaikumbuka rweya, ile mbuga ya wote tunakokata majani ya kutandika ndani na kufunikia migomba. Mwezi wa tatu Kahigi, yule mnunuzi wa kahawa wa Omurushaka, aliizungushia waya wa miiba. Anasema ana karatasi. Hiyo karatasi hakuna mkutano wa kijiji ulioiona. Tulilalamika tukachoka, wanaume wetu wakaishia kukuna vichwa.

Basi mwezi uliopita mama yake Kahigi, Bibi Felicitas, akafariki. Mungu amrehemu, nimekata naye majani miaka arobaini. Unajua kwetu msiba haukai sakafu tupu: hutandikwa majani mabichi kwanza, ndipo waombolezaji waketi. Kahigi akaleta mazulia ya plastiki kutoka mjini. Wazee wakabaki wamesimama uani, hakuna aliyeyakalia.

Hapo nilipandwa na hasira, Salvina. Nilichukua koleo la marehemu mume wangu, nikakata waya tatu mchana kweupe, na kina mama kumi na saba wakapita na miundu yao. Tukaimba wimbo wa mwanamke wako, ila ngano tuliwaachia wenyewe, tukatia ya kwetu:

Umefunga mbuga kwa waya,
mama yako kalala, tumtandikie nini?
Fungua tupite na mundu,
nawe siku yako ipo, tukutandikie nini?

Tulirudi na mizigo kichwani, tukatandika chumba chote hadi mlangoni. Kahigi alitutazama, akavua viatu, akaketi juu ya majani akalia kwa sauti. Siku nne alilala hapo hapo. Nikadhani yamekwisha.

Wapi! Matanga yalipoanuliwa tu, akanishtaki kwa kuharibu mali yake. Ijumaa naitwa barazani. Baba yako amenisihi niweke sahihi ya kukiri kosa ili nisamehewe, nisije nikafungwa kwa umri huu. Najua ananihurumia, na kusema kweli naogopa. Lakini nikisaini nimekubali kwamba rweya ni ya Kahigi. Sisaini ng'o.

Nitakwenda na kina mama wote, tukiimba tangu barabarani. Nikipewa nafasi nitamwuliza neno moja tu: "Kahigi, majani uliyomlilia mama yako juu yake, uliyakata wewe au tuliyakata sisi?"

Barua hii ikikufikia, baraza litakuwa limekwisha. Lolote watakaloamua, mimi sitanyamaza, na hawana meli ya kunipeleka Australia. Kazi yako ni moja: mrudishie yule mwanamke wimbo wake.

Baba yako Placidius anakusalimu ingawa amenuna. Sperancia naye anakusalimu, na kina mama wote wa Jumatano. Mungu akulinde ugenini, akunenepeshe kidogo.

Pengo la waya halijazibwa. Leo asubuhi nimepita hapo na mzigo wangu.

Ni mimi shangazi yako, nisiyechoka kukupenda,
Auleria