Jina la Baba katika Daftari la Wageni

Shamba la chai, Usambara
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kikohozi cha Bibi kiwe kimepungua tangu mlipohamia kijiji kipya. Je, mmeshaezeka nyumba yote, au bado mnalala upande mmoja? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Dada Robi, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke kitu, hata pale ninapojisema vibaya.

Mama, nadhani Baba ameshafika huko. Labda hajasema neno, unavyomjua. Nataka usikie kwangu.

Unajua Baba mdogo anapokea wageni katika klabu ya gofu ya hapa shambani. Jumamosi, nisipokuwa shuleni, huwa namsaidia. Wachezaji huja kutoka mashamba mengine, hata kutoka Tanga. Mgeni akifika barazani hupewa kwanza maji ya limau, kisha mimi naandika katika daftari kubwa jina lake, klabu anayotoka na jina la mwenyeji wake. Asiye na mwenyeji hachezi. Mwenyeji ndiye anayetembea naye uwanjani na kumwonyesha korongo lililojificha nyuma ya majani, asije akapoteza mipira. Katibu wa klabu alinichagua kwa ajili ya mwandiko wangu, nami niliipenda kazi hiyo.

Jumamosi ya juma lililopita Baba alitokea bila taarifa, miguu imejaa vumbi, amebeba kibuyu cha samli na unga wa ulezi. Baba mdogo alikuwa uwanjani. Nilimsalimu Baba, nikamketisha kwenye kiti cha wageni, nikampa glasi yake. Alionja, akakunja uso.

"Haya maji yamechacha?"

"Ni limau, Baba."

"Na wale wanatafuta nini porini? Wamepotelewa na ndama?"

"Mpira, Baba."

"Watu wazima wote wale!" Akacheka mpaka wachezaji wakageuka. Nilifurahi sana.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifungua daftari nikaandika jina la Baba chini ya jina la meneja mmoja wa Tanga. Mahali pa klabu niliandika Nyambureti, kwetu. Mahali pa mwenyeji niliandika jina langu. Nilitaka awe mgeni kamili kama wale wengine.

Baba akaacha kucheka.

"Unaandika nini?"

"Jina lako, Baba. Wageni wote huandikwa."

Akaweka glasi chini. "Nyumbani uliniandika, nikabomolewa nyumba. Leo unaniandika tena. Safari hii utanihamishia wapi?"

"Baba, hili ni daftari la wageni tu."

"Basi baki na daftari lako."

Nilimfuata mpaka barabara ya malori ya chai. Hakugeuka.

Mama, ni kweli. Likizo ile, bwana aliyekuja kuandikisha watu wa kuhamia kijiji cha ujamaa alishindwa na majina yetu ya Kikurya, mimi nikashika kalamu. Nilijivuna. Niliandika kaya yetu ya kwanza ili wengine wasiogope. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba kijijini kutakuwa na zahanati na maji ya bomba, nikaamini, na bado natumaini. Lakini siku nyasi za paa zilipoteremshwa mimi nilikuwa nimesharudi shule. Sikuona jinsi Baba alivyosimama akitazama. Hakuwahi kunilaumu mpaka siku ile ya daftari.

Baba mdogo aliporudi alikuta kibuyu na unga barazani. "Kaka yangu atoke Mara, aondoke kwangu hata ugali hajala? Watu wa nyumbani nitawaambia nini?" Tangu hapo hasemi nami ila la lazima. Katibu naye aliona daftari akacheka: "Hiyo klabu ya Nyambureti ina mashimo mangapi ya gofu?" Nilimwambia ni baba yangu, na kwamba sitaandika tena.

Sijui Baba alikuja kwa neno gani. Kama alikuja kunitoa shule, niambie. Kama alikuja kunitazama tu, hilo pia niambie, ingawa ndilo litakaloniumiza zaidi.

Nisalimie Bibi. Msalimie mama mdogo wa Issenye, na mjomba aliyewapa nafasi ya kulaza ng'ombe mlipohama.

Shule ikifungwa nitakuja. Mwambie Baba sitaingia mwenyewe. Nitasimama nje ya boma mpaka aniite. Asiponiita siku hiyo, niletee maji, Mama, nami nitangoja.

Binti yenu,
Ghati