Kambare wa Tana na Boti Yako

Mjukuu wangu Hodan, asalaam aleikum. Huku Garissa sote wazima, na yule ngamia wangu mweupe amezaa jike.

Umeniandikia kuwa unataka kukodi boti na wenzako mkavue samaki huko uliko, bahari ya Pasifiki, ila unaogopa watakucheka, wewe mtoto wa wafugaji. Nikiwa kijana nilitupa ndoana mto Tana, kaka zangu wakanicheka. Kambare alipovuta sikushindana naye. Nilimwachia kamba akimbie, nikaivuta alipochoka, kama tunavyomfunza ngamia mchanga. Alitoka mrefu kama mkono wangu. Waliocheka ndio waliomaliza mchuzi.

Kodi boti, mama. Wakikuuliza ulijifunza wapi kuvua, waambie ulifundishwa na ngamia.

Ni mimi babu yako, bado nina ile ndoana.